Serikali ni Mtani

Nchi yenyewe sitaitaja jina. Msidhani naogopa, la hasha. Jina lake liko kwenye matengenezo, na kamati inayolitengeneza haijakaa tangu mwenyekiti wake aende semina. Nyinyi jueni tu kwamba ni nchi ya amani, yenye mvua za wastani na Idara ya Sura za Taifa, ambako mimi, Mbaruku Chembera, ni karani daraja la tatu kwa mwaka wa kumi na nne sasa. Nayasema haya mapema kwa sababu kuna watu mtaani wananiita mwizi, na neno hilo linanikera sana. Mwizi huruka ukuta. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha serikali, saa nne asubuhi, nakunywa chai yangu ya tangawizi.

Mambo yalianza hivi. Mtukufu Mlezi, yaani Rais wetu, aliamka siku moja akakumbuka kwamba aliwahi kuwa na mama. Mama huyo alifariki Mtukufu akiwa na miaka sita, huko kijijini, wala hakuacha picha hata moja. Likatoka tamko: kutakuwa na Siku ya Mama wa Taifa, na siku hiyo nchi nzima itakaa matanga uwanjani, kwa kuwa wakati wa msiba wenyewe nchi haikupewa taarifa. Idara yetu ikapewa siku tatu kuleta picha ya marehemu.

Mkurugenzi wetu, Bwana Kilumanga, akaitisha kikao. Tulikaa watu kumi na wawili, tukatafuna korosho, tukaafikiana kuwa njia nyepesi ni kumuuliza Mtukufu mama yake alikuwa na sura gani. Kisha tukaulizana ni nani atakayekwenda kumuuliza. Jamani, hapo kila mtu akaanza kuzikagua korosho zake. Mwisho Mkurugenzi akanigeukia.

“Chembera, si wewe una kompyuta?”

Basi nikaingia mtandaoni, nikaandika: mama mzee anacheka. Loo, mtandao una akina mama! Nikawapitia mmoja mmoja, mpaka nikamwona huyu. Alikuwa anachambua kunde kwenye ungo, kilemba kimemteleza upande, anacheka mpaka macho yamefumba. Nikajikuta nacheka naye peke yangu ofisini. Kwenye pembe ya chini paliandikwa: Picha na Semeni Kibwana, hairuhusiwi kutumika bila idhini. Maandishi yale yalikuwa yanachafua ungo, nikayakata. Halafu nikaukata na ungo wenyewe, maana mama wa Rais hachambui kunde.

Mkurugenzi alilalamika kidogo kuwa marehemu anacheka mno kwa mtu aliyekwisha fariki, lakini muda ulikuwa umetuishia. Tukaipeleka Ikulu ndani ya fremu ya mti wa mninga. Mtukufu aliitazama kwa muda mrefu, machozi yakamtoka.

“Ndiye,” akasema.

Basi, likawa ndiye. Katika nchi yetu, jambo likishapita kinywani pale halina tena pa kurudi.

*

Huyo Semeni Kibwana, kama mlivyosoma, ndiye mpiga picha. Ana chumba chake cha picha karibu na soko la samaki, anapiga harusi, mahafali na picha za pasipoti. Miezi miwili na nusu baada ya Mtukufu kulia, siku zile picha ilipoanza kusambazwa nchi nzima, alikuwa amealikwa kupiga harusi ya watu wa Mtaa wa Mikoroshini. Akafika, akafungua kamera, akainua macho, akakuta mama yake amevaliwa na wanawake arobaini.

Zilikuwa kanga za taifa, zimetoka kiwandani juzi yake. Katikati ya kanga, ndani ya duara, kulikuwa na uso wa mama yake, unacheka vilevile, na chini jina la kanga: MAMA WA TAIFA, UMETANGULIA TUNAKUJA. Alikuwa amemwacha mama yake nyumbani asubuhi ile ile, mama akimgombeza kwa kusahau kufunika maji.

Mama mwenyewe anaitwa Bi Kidawa, ana miaka sitini na minane, na hakuwa na habari. Yeye alikwenda zahanati kupima presha na kuchukua dawa zake za mwezi, kama kawaida yake. Muuguzi akamtazama, akatazama picha ukutani, akamtazama tena, akaweka kalamu chini.

“Mama, samahani. Hapa tunahudumia wagonjwa. Wewe umeshavuka hatua hiyo.”

“Hatua gani, mwanangu?”

“Ya kuugua.”

Akarudi nyumbani na vidonge vinane vilivyokuwa vimebaki, kimoja kwa siku. Njiani watu walimpisha mno, na jirani yake kwa miaka ishirini, mama Hobokela, ambaye kila siku hugombana naye juu ya kamba ya kuanikia nguo, alipomwona alipiga yowe akajifungia ndani. Jioni mwenyekiti wa mtaa akaleta barua. Ilisema Bi Kidawa ameonekana akizurura hali akiwa ni marehemu wa kitaifa, jambo linalowachanganya wananchi. Anaagizwa kukaa ndani mpaka Siku ya Mama wa Taifa ipite. Baada ya siku hiyo jina lake litahamishiwa kwenye daftari la vifo, ili kumbukumbu zilingane na picha.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja. Mtu aliyeandikwa kwenye daftari la vifo hapati kadi ya zahanati, na bila kadi hakuna dawa. Naomba mlielewe hilo, maana ofisini kwetu lilituchukua muda.

*

Kesho yake Semeni akaja dirishani kwangu. Dada mwenye adabu, lakini macho mekundu.

“Shikamoo, kaka.”

“Marahaba, karibu.”

“Picha ile ya ukutani nimeipiga mimi.”

“Hongera. Imetoka vizuri.”

“Na yule ni mama yangu. Yuko nyumbani, mzima, anakunywa uji.”

“Hilo la uzima ni la ofisi nyingine, dada. Hapa tunashughulika na picha tu.”

Wala sikumfanyia jeuri. Nchi yetu ina Sheria ya Kulinda Wapiga Picha, nzuri ajabu, wageni huja kuinakili. Na tunailinda kwelikweli: iko ndani ya kabati lenye makufuli mawili, na ufunguo wa pili anao mtu aliyestaafu. Ila masharti yake nayajua kwa kichwa, nikamsomea. Mwenye kudai picha alete cheti cha kuzaliwa cha picha. Alete barua ya mwenyekiti wa mtaa ambamo picha ilizaliwa, na mashahidi wawili walioiona ikizaliwa. Alete pia picha mbili za pasipoti za hiyo picha.

“Picha ya pasipoti ya picha?”

“Nyuma pawe peupe.”

Akanitazama, nadhani alitaka kunitukana, akajizuia. Badala yake akaitoa kamera mkobani, akaiwasha, akanigeuzia kioo chake kidogo. Zilikuwamo picha zote za dakika ile, zimefuatana. Bi Kidawa amenuna juu ya ungo. Bi Kidawa ameinua uso. Bi Kidawa ameshika mdomo. Kisha ile yetu. Kisha Bi Kidawa anairushia kamera kunde.

“Unajua alikuwa anacheka nini?” akaniuliza. “Baba alipofariki, mama hakucheka miaka miwili. Miaka miwili, kaka! Siku hiyo nilikuwa narudi nyuma kutafuta mwanga, nikakanyaga ndoo ya maji, nikaanguka nayo na kamera nimeinua juu. Ndipo akacheka. Nikaipiga nikiwa chini, nimelowa. Nikaiweka mtandaoni mama zangu wadogo waone kuwa dada yao amerudi. Sikuiweka ili mtu ambebe.”

Nikainua kikombe cha chai, nikasahau kunywa.

“Njoo kesho,” nikamwambia.

*

Hakuja kesho. Alikwenda Baraza la Picha, ambako kesi husikilizwa haraka pindi serikali inapokuwa na haraka. Nilitumwa kuiwakilisha Idara, kazi yangu ikiwa ni kubeba faili. Semeni alitaka kuonyesha kamera yake, mwenyekiti wa Baraza akakataa, kwa kuwa kamera haina dini inayojulikana na haiwezi kula kiapo.

Ndipo aliposimama Wakili wa Serikali, Bwana Nzowa, mtu mnene wa sauti tamu. Alivuta koti lake, akakohoa, akaanza.

“Mheshimiwa Mwenyekiti, nchi hii ilijengwa na nini? Na umoja. Umoja ulijengwa na nini? Na utani. Mtani akija nyumbani kwako akamkamata jogoo wako akaondoka naye, je, ameiba?”

“Hajaiba,” akasema mwenyekiti. “Ametania.”

“Akija msibani kwako akavaa viatu vya marehemu akatembea navyo?”

“Utani huo. Tunacheka.”

“Ukimshtaki?”

“Nitakuwa mtu wa ajabu.”

“Sasa basi,” Bwana Nzowa akainua kidole, “Wazaramo wana watani wao, Wanyamwezi wana wao, Wangoni wana wao. Lakini ni nani, Mheshimiwa, aliye mtani wa makabila yote kwa wakati mmoja? Ni nani anayeingia kila nyumba bila hodi?”

Ukumbi mzima ukashusha pumzi, maana jibu lilikuwa dhahiri. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeishi miaka arobaini na sita bila kuling’amua.

Hukumu ikaandikwa pale pale: Serikali ni mtani wa wananchi wote, kwa hiyo picha ya mwananchi ikichukuliwa na Serikali haijaibwa, bali imetaniwa. Hukumu itatangazwa katika Gazeti la Serikali na itakuwa na nguvu ya sheria. Mlalamikaji anashauriwa kucheka.

Semeni hakucheka. Alikaa kwenye ngazi za nje na kamera mapajani, akalia kama mtu aliyefiwa. Nami nikapita kando yake na faili langu. Jambo hilo bado linanisumbua.

*

Nikaagizwa kupeleka nakala ya hukumu nyumbani kwao. Zilikuwa zimebaki siku mbili kufikia Siku ya Mama wa Taifa, na vidonge vilikwisha juzi yake. Hilo Semeni aliniambia mlangoni kabla sijakaribishwa.

Bi Kidawa alikuwa ameketi kwenye mkeka, shingo imefungwa kitambaa, kichwa kinamuuma. Nilimtambua mara moja, ingawa hakuwa anacheka. Ni jambo la ajabu kumwamkia mtu uliyemtundika ukutani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Karibu uji. Ndio nyinyi wa picha?”

“Ndio sisi.”

“Haya, soma, mimi miwani yangu ilivunjika.”

Nikasoma. Nilipofika pale kwenye utani, akanizuia kwa mkono.

“Rudia hapo. Serikali ni nani wangu?”

“Mtani wako, mama.”

“Imeandikwa hivyo?”

“Imeandikwa.”

“Na muhuri upo?”

“Miwili.”

Halafu, wallahi, mabega yakaanza kumcheza, kikamtoka kicheko kile kile, mpaka Semeni akatoka jikoni mbio na mwiko mkononi.

“Semeni, mwanangu, niletee kanga.”

“Ipi, mama?”

“Yenye mimi.”

Nilimuuliza anapanga nini, maana mimi ni mtumishi wa umma na ni wajibu wangu kuuliza. Akaniambia ninywe uji wangu, unapoa.

*

Siku ya Mama wa Taifa uwanja ulijaa pomoni. Jukwaani ilisimamishwa picha ya marehemu, urefu wa mita nne, na mbele yake Mtukufu ameketi juu ya jamvi kama ilivyo desturi ya mfiwa. Mawaziri walikuwa nyuma yake, kila mmoja na leso yake. Mimi nilipangiwa kushika kamba ya picha isipeperuke na upepo, kwa hiyo niliyaona yote kwa macho yangu.

Saa tano hivi pakatokea zogo langoni. Mzee mmoja wa kike, amejifunga kanga ya taifa, anataka kuingia, na binti yake yuko nyuma na kamera. Askari akamuuliza yeye ni nani.

“Mtani.”

Askari akaenda kumuuliza mkubwa wake, mkubwa akafungua Gazeti la Serikali. Kila mtu anajua kuwa mtani hazuiliwi msibani, kumzuia ni mkosi. Wakampisha.

Akaingia uwanjani taratibu, anatembea kama marehemu, kilemba kimeteleza upande kama cha marehemu. Watu wakaanza kushangilia. Ndiyo kazi ya mtani hiyo, kumwigiza aliyekufa ili wafiwa wapate kucheka, na huyu alijua kazi yake.

“Mtazameni!” akapaza sauti Waziri wa Mila. “Amempatia! Hata mashavu amempatia!”

Bi Kidawa akapanda jukwaani. Akamvua Waziri wa Mila kofia, akaivaa. Akachukua leso ya Waziri wa Fedha, akapenga. Uwanja ulikuwa unakufa kwa kicheko, na mawaziri nao walicheka, maana sheria ilikuwa inawatazama. Kisha akakunja miguu, akaketi juu ya jamvi, uso kwa uso na Mtukufu Mlezi.

“Mwanangu, mbona unanilia nami mzima?”

Kicheko tena. Mtukufu mwenyewe alitabasamu.

“Nimekuja kuchukua changu,” Bi Kidawa akaendelea. “Lakini kabla sijachukua, mtani ana swali. Mama yako alikuwaje?”

“Kama hivyo,” akasema Mtukufu, akaionyesha picha.

“Hiyo ni mimi. Siku hiyo nilikuwa nachambua kunde, na huyu binti yangu alianguka na ndoo. Mimi nakuuliza mama yako, yule aliyekubeba. Alikuwaje?”

Vipaza sauti vilikuwa wazi, tukawa tunamsikia Mtukufu anavyopumua. Nilimwona akiitazama picha, kisha yule mama, kisha picha. Mimi nilikuwa nimeshika kamba kwa mikono miwili, nikiomba asiulize ni nani aliyeitoa picha ile mtandaoni.

“Alikuwa mwembamba,” Mtukufu akasema mwisho, kwa sauti ndogo ambayo hatukuwahi kuisikia. “Alikuwa na sikio limechanika. La kushoto. Nilimchana mimi. Nilikuwa mgongoni, nikaivuta hereni. Alikuwa akiniambia, wewe, sikio langu utanilipa.”

Akajishika sikio lake mwenyewe.

“Huyu masikio yake mazima,” akasema. “Siye.”

Akageuka nyuma akawatazama mawaziri. “Siye! Miezi mitatu namlilia mama wa watu, na wangu nilianza kumsahau. Nilikuwa nikifumba macho namwona huyu.”

Mawaziri wakatazamana, kisha Waziri wa Mila akaanza kupiga makofi, akasema “Siye!”, wenzake wakaitikia “Siye!”, na uwanja mzima ukapokea. Nami niliitikia, tena kwa sauti.

Bi Kidawa hakuwasikiliza. Alishika kanga yake, pale penye uso wake, akampangusa Rais wa nchi machozi.

“Haya, mwanangu,” akamwambia. “Sasa lia. Mlilie wako.”

Akamlilia kweli. Mtu mzima, anajigaragaza jamvini, anamwita mama yake kwa jina ambalo hakuna waziri aliyewahi kulisikia. Bi Kidawa akamsubiri mpaka akatulia. Kisha akainuka, akaja mpaka kwangu.

“Legeza kamba hiyo, baba.”

Nikalegeza. Yeye akashika upande mmoja wa picha, Semeni akashika wa pili, wakashuka nayo ngazi wakatoka nje ya uwanja, na hakuna aliyewauliza.

*

Kwa wanaopenda kumbukumbu: jina la Bi Kidawa limebaki kwenye daftari la walio hai, na zahanati walimpa dawa jioni ile ile. Yeye na mama Hobokela wamekwisha kugombana mara tatu kuhusu kamba ya nguo. Serikali ilitoa taarifa kwamba imemrudishia mpiga picha picha yake, ambayo ilikuwa imemtunzia. Sheria ya Utani ilifutwa kabla ya saa sita mchana, baada ya kuonekana kuwa ina pande mbili.

Jumatatu Bwana Kilumanga akaniita ofisini kwake.

“Chembera, tumepata maelezo mapya. Mwembamba, sikio la kushoto limechanika. Ikulu hawajaomba, lakini tusingoje waombe. Ingia mtandaoni.”

Nikaingia. Nikaandika kama alivyosema. Walikuwapo, jamani, wala si wachache. Mmoja alikuwa amesimama mlangoni na beseni, mwembamba hasa, sikio la kushoto limegawanyika ncha mbili, anamtazama mtu aliye nyuma ya kamera kwa jicho la kumwambia haya, maliza upesi. Angefaa kabisa. Nikamtazama mpaka chai ikapoa. Kisha nikazima kompyuta, nikarudi kwa Mkurugenzi.

“Yupo?” akaniuliza.

“Wapo, bwana. Lakini kila mmoja ana watu wake.”

Hakunielewa, akanitaka nirudie, nikarudia. Alasiri nikapewa barua ya onyo, ya kwanza katika miaka kumi na minne. Nimeiweka kwenye droo yangu. Imechapwa vizuri, ina muhuri, na kosa langu limetajwa bila kupindisha: kuona mali ya mtu ikiwa wazi, na kuiacha.